Injini za Motakaa Kubwa za Fahari za Marekani

Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za motakaa kubwa za fahari zilizotengenezwa Marekani, na hasa habari za injini zake. Maana mara nyingi gari lenye jina moja na umbo moja liliuzwa likiwa na injini mbalimbali. Mnunuzi aliambiwa achague mwenyewe, na uchaguzi wake ukawa furaha yake au majuto yake kwa miaka mingi.

Huenda mtu akauliza, "Habari hizi zatuhusu nini sisi tusio na motakaa hata ndogo?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hili. Kila anunuaye chombo chenye injini, kama ni mashine ya kusaga mahindi, au pampu ya maji, au pikipiki, hukutana na maswali yale yale matatu: Ninunue nguvu kiasi gani? Nguvu hiyo itakunywa mafuta kiasi gani? Na chombo kikiharibika, nani atakitengeneza? Matajiri wa Marekani walijibu maswali hayo kwa fedha nyingi, wengine kwa hasara kubwa, nasi twaweza kujifunza kwao bila kulipa kitu.

JINSI INJINI IPATAVYO NGUVU

Kwanza yatupasa tufahamu injini ya petroli hufanyaje kazi. Ndani yake mna silinda, yaani tundu la mviringo lililochongwa katika chuma, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Kazi yake huenda kwa safari nne. Safari ya kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Ya pili, hupanda na kuibana hewa hiyo. Ya tatu, cheche ya umeme itokayo katika plagi huiwasha, nayo hutanuka ghafula na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ya nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Katika safari hizo nne, ni moja tu iletayo nguvu. Tatu zilizobaki ni za maandalio. Na kwa muda wa safari hizo nne, mhimili wa injini huwa umezunguka mara mbili.

Basi injini ya silinda moja hupata msukumo mmoja tu katika kila mizunguko miwili. Ndiyo maana hutikisika. Fikirini habari za kutwanga. Mwanamke mmoja akitwanga peke yake, baina ya pigo na pigo huwa na kimya. Wakiwa wawili wenye kupokezana katika kinu kimoja, mapigo huongezeka na kimya hupungua. Wakiwa watatu waliozoeana, sauti huenda kama ngoma, wala hakuna nafasi ya kupumzika kati. Silinda ni vivyo hivyo. Injini ya silinda nne hutoa misukumo miwili kwa kila mzunguko. Ya silinda nane hutoa minne. Ya silinda kumi na sita hutoa minane. Kadiri misukumo inavyokaribiana, ndivyo gari linavyokwenda kwa utulivu.

Jambo la pili ni ukubwa wa injini. Ukubwa huo hupimwa kwa nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja huipitia zinaposhuka mara moja, nao hutajwa kwa lita, au kwa inchi za ujazo kama ilivyo desturi ya Wamarekani. Injini kubwa huvuta hewa nyingi na petroli nyingi, nayo hutoa nguvu nyingi. Jambo la tatu ni mbano, yaani hewa hubanwa kiasi gani kabla ya kuwashwa. Ikibanwa mpaka ikae katika sehemu moja ya nane ya nafasi yake ya kwanza, twasema mbano wake ni nane kwa moja. Mbano ukizidi, nguvu ipatikanayo katika petroli ile ile huzidi pia. Lakini ukipita kiasi, petroli duni hulipuka vibaya na injini hugonga.

KAMPANI MBILI ZA MTU MMOJA

Majina mawili yalijulikana kuliko yote katika motakaa za fahari za Marekani, nayo ni Cadillac na Lincoln. Ni ajabu kwamba yote mawili yalianzishwa na mtu mmoja, Henry Leland, fundi hodari aliyependa vipimo vya hakika. Alianzisha Cadillac mjini Detroit mwaka 1902, na kampani hiyo ilinunuliwa na General Motors mwaka 1909. Mwaka 1917, akiwa mzee, alianzisha Lincoln ili kutengeneza injini za ndege za vita, akaipa jina la Abraham Lincoln, rais aliyempigia kura alipokuwa kijana. Baada ya vita aligeukia motakaa, lakini fedha zilimwishia, na mwaka 1922 kampani ya Ford ikainunua Lincoln.

Mwaka 1912 Cadillac iliuza motakaa zenye kuwashwa kwa umeme, kazi ya fundi Charles Kettering. Kabla ya hapo injini nyingi ziliwashwa kwa kupiga hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ghafula ilivunja mikono ya watu. Kisha mwaka 1914 Cadillac ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa safu mbili kama herufi V. Wafaransa wa De Dion-Bouton walikuwa wamekwisha tengeneza injini ya namna hiyo, lakini Cadillac ndiyo iliyoifanya kuwa bidhaa ya watu wengi. Ilikuwa na ukubwa wa lita 5.1 na nguvu za farasi 70. Mpango wa V una faida iliyo wazi: silinda nane zilizopangwa safu moja hufanya injini ndefu, na mhimili mrefu hujipinda na kutetemeka, zikipangwa nne nne, injini huwa fupi na imara.

SILINDA NANE, KUMI NA MBILI, AU KUMI NA SITA

Washindani hawakulala. Mwaka 1915 kampani ya Packard ilitoa injini ya silinda kumi na mbili. Mwaka 1928 ikatokea Duesenberg ya namna ya J, yenye silinda nane za safu moja, ambayo watengenezaji wake walidai ina nguvu za farasi 265, nguvu ambayo motakaa nyingine za Marekani za siku zile hazikuikaribia.

Ndipo Cadillac, mwezi wa Januari 1930, ikaonyesha injini ya silinda kumi na sita, yenye ukubwa wa lita 7.4. Fundi wake alikuwa Owen Nacker. Katika mwaka uo huo ikatokea na ya silinda kumi na mbili, yenye lita 6. Hivyo, mnunuzi wa mwaka 1931 aliingia katika nyumba moja ya biashara akakuta daraja tatu za injini: nane, kumi na mbili, na kumi na sita. Injini ya silinda kumi na sita ilipendeza hata kwa macho: nyaya na mabomba yalifichwa, na vyuma vilisuguliwa vikang'aa. Nayo ilizunguka kwa utulivu mno, maana misukumo minane kwa kila mzunguko haiachi pengo.

Lakini wakati ulikuwa mbaya. Mwezi wa Oktoba 1929, miezi michache kabla ya injini hiyo kuonyeshwa, soko la hisa la New York lilianguka. Benki zilifungwa, viwanda vilisimama, na mamilioni ya watu wakakosa kazi. Hata wale waliobaki na mali waliona haya kupita njiani katika gari la fahari namna ile mbele ya watu waliopanga mstari kungojea mkate. Katikati ya miaka ya 1930 ziliuzwa kiasi cha hamsini tu kwa mwaka. Mwaka 1938 Cadillac ilitoa injini nyingine ya silinda kumi na sita, iliyo nyepesi na rahisi zaidi, badala ya zile mbili za kumi na mbili na kumi na sita; nayo ikakoma mwaka 1940. Kwa miaka kumi na moja yote, motakaa za silinda kumi na sita zilizotengenezwa zilikuwa kama 4,000 tu.

Wala sababu ya kukoma kwake haikuwa umaskini peke yake. Wakati ule ule mafundi walikuwa wamejifunza kuitengeneza injini ya silinda nane vizuri zaidi. Walijua kuupima mhimili usitetemeke, na kuishikilia injini kwa vipande vya mpira ili mtikisiko usifike kwa abiria. Basi utulivu uliohitaji silinda kumi na sita mwaka 1930 ulikaribia kupatikana kwa silinda nane mwaka 1940. Na kila silinda iliyopunguzwa ni pistoni iliyopunguzwa, na plagi, na valvu zake. Ni vitu vichache vya kusuguana, na vichache vya kuharibika.

INJINI YA MWAKA 1949, NA MIAKA YA SHIBE

Baada ya vita vikuu vya pili, Cadillac ilitoa injini mpya katika mwaka wa biashara wa 1949. Ilikuwa ya silinda nane, lita 5.4, yenye valvu juu ya silinda badala ya kando. Ilitoa nguvu za farasi 160, nayo ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyoitangulia kwa karibu ratili 200. Siri yake ilikuwa katika mbano. Mafundi waliijenga iwe imara kusudi mbano uweze kuongezwa mwaka kwa mwaka, kadiri petroli ilivyokuwa ikiboreshwa.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya petroli hiyo. Mwaka 1921 Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya yule Kettering tuliyemtaja, aligundua kwamba petroli ikitiwa dawa yenye risasi ndani yake, injini haigongi hata mbano ukiwa mkubwa. Dawa hiyo ilitumika dunia nzima kwa miaka mingi. Lakini risasi ni sumu. Ilitoka na moshi, ikaingia katika hewa na udongo, ikadhuru hasa akili za watoto. Marekani ilianza kuipunguza katika miaka ya 1970. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimeiacha kufikia mwaka 2006. Na nchi ya mwisho duniani kuiacha katika petroli ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Basi sehemu moja ya nguvu za motakaa hizo ililipwa na watu ambao hawakuzipanda kamwe.

Tangu mwaka 1949 yalianza mashindano ya ukubwa. Mwaka 1951 kampani ya Chrysler ilitia katika gari lake la Imperial injini yenye nguvu za farasi 180, iliyo na paa la silinda la mviringo kama nusu ya mpira. Mwaka uliofuata Lincoln nayo ilipata injini mpya yenye valvu juu. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na kila mmoja akaongeza. Lita 5.4 za Cadillac zikawa 6 mwaka 1956, zikawa 6.4 mwaka 1959, zikawa 7 mwaka 1964, zikawa 7.7 mwaka 1968. Mwaka uo huo Lincoln ikafikia lita 7.5. Hatimaye mwaka 1970 Cadillac ilitia katika gari lake la Eldorado injini ya lita 8.2, ambayo mpaka leo ndiyo kubwa kuliko zote za silinda nane zilizotengenezwa kwa ajili ya motakaa za abiria katika viwanda vikubwa vya Marekani baada ya vita. Ili kuufahamu ukubwa wake, twaeni debe. Debe moja la maji ni karibu lita 18. Basi pistoni za gari hilo, kwa kushuka mara moja kila moja, zilipitia nafasi iliyokaribia nusu ya debe.

Nguvu zake zilitajwa kuwa za farasi 400. Lakini yatupasa kujihadhari na hesabu hiyo. Siku zile injini ilipimwa ikiwa uchi juu ya meza ya kiwanda, bila bomba lake la moshi wala vitu vingine ambavyo lazima ivizungushe ikiwa ndani ya gari. Kuanzia mwaka 1972 Wamarekani waliacha kipimo hicho wakafuata kipimo cha injini iliyovikwa vitu vyake vyote. Tena mbano ulikuwa umepunguzwa ili moshi upunguze madhara. Basi injini ile ile ya lita 8.2, mwaka 1976, ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 190 tu. Mwenye kulinganisha hesabu hizo mbili pasipo kujua habari za vipimo atadhani injini ilikufa nusu. Kumbe sehemu kubwa ya tofauti ni ya kipimo. Ndivyo ilivyo pia sokoni: kabla ya kuuliza pishi ngapi, uliza pishi ya nani.

MAFUTA YALIPOADIMIKA

Mwezi wa Oktoba 1973, kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Waarabu zenye mafuta zilikataa kuyauza kwa Marekani. Bei ya pipa moja ilipanda kutoka dola tatu hivi mpaka karibu dola kumi na mbili katika muda wa miezi michache. Watu walipanga mistari mirefu mbele ya visima vya petroli. Motakaa kubwa ya fahari ya siku zile ilikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 5,000 na urefu wa futi 19, nayo ilikwenda maili kumi hivi kwa galani moja. Mwenye nayo aliitazama uani mwake kama mtu amtazamavyo ng'ombe mkubwa wakati wa ukame.

Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kwamba motakaa zote ambazo kampani imeziuza kwa mwaka, zikichanganywa na kutafutiwa wastani, lazima zifikie maili 18 kwa galani katika mwaka wa 1978, na 27.5 katika mwaka wa 1985. Kampani iliyoshindwa ilipaswa kulipa faini kwa kila motakaa iliyouzwa. Basi tangu hapo motakaa ya fahari ilikuwa na mabwana wawili: mnunuzi aliyetaka nguvu na utulivu, na sheria iliyotaka mafuta kidogo.

Hatua ya kwanza ya Cadillac ilikuwa ya busara. Katika mwaka wa biashara wa 1977 ilifupisha motakaa zake, ikazipunguzia mamia ya ratili, ikaitia injini ya lita 7 badala ya 8.2. Gari lilipungua uzito na injini ikapungua pamoja nalo, hata mwendo usiharibike. Wanunuzi walipenda. Lakini mwaka 1979 yalitokea mapinduzi nchini Iran, mafuta yakapanda bei mara ya pili, na sheria nayo ilizidi kukaza mwaka kwa mwaka. Hapo ndipo haraka ilipoingia.

CHAGUO ZA MWAKA 1981 NA 1982

Tumwazie mtu anayenunua motakaa kubwa ya Cadillac katika miaka hiyo. Gari ni moja, viti ni vile vile vya kifahari. Lakini injini alizowekewa mbele yake ni nne kwa muda wa miaka hiyo miwili, na kila moja ina hadithi yake.

Ya kwanza ilikuwa injini ya dizeli, ya lita 5.7, iliyotengenezwa na Oldsmobile, ndugu wa Cadillac chini ya General Motors. Injini ya dizeli, iliyobuniwa na Rudolf Diesel wa Ujerumani katika miaka ya 1890, haina plagi ya kutoa cheche. Hubana hewa peke yake mpaka iwe moto sana, kisha mafuta hurushwa ndani yakawaka yenyewe. Ndiyo sababu hupata kazi nyingi kwa mafuta machache. Lakini mbano wake ni mkubwa mno: katika injini hii ulizidi ishirini kwa moja, na injini ya petroli ilikuwa na nane tu au zaidi kidogo. Sasa kosa ni hili. Ili kutumia mashine zile zile za kiwandani, injini hiyo ilijengwa kwa kufuata vipimo vya injini ya petroli. Kuta zake ziliongezwa unene, lakini boliti za kushikilia kichwa cha injini zilibaki idadi ile ile na mahali pale pale. Mbano ulipozishinda, boliti zilinyooka, kiziba cha kichwa kikapasuka, na maji yakaingia ndani ya silinda. Maji hayabaniki, basi vyuma vilivunjika. Fundi asiyefundishwa habari za dizeli alirudisha boliti zile zile zilizokwisha nyooka, na gari likarudi kwake baada ya muda mfupi. Tena, ili kupunguza gharama, hakikuwekwa chombo cha kutenga maji na mafuta, na dizeli iliyouzwa siku zile mara nyingi ilikuwa na maji. Kutu ikaila pampu. Watu wengi walishitaki mahakamani. Marekebisho yalifanywa baadaye, lakini jina lilikuwa limekwisha haribika, na injini hiyo ikaachwa mwaka 1985. Wamarekani wengi wakachukia motakaa za dizeli kwa miaka mingi, ingawa dizeli yenyewe haikuwa na hatia.

Ya pili ilikuwa injini ya petroli ya lita 6, iliyouzwa mwaka 1981, yenye kuweza kuzifunga silinda zake. Wazo lake lilikuwa zuri sana. Gari likipanda mlima, silinda zote nane hufanya kazi. Likienda tambarare, valvu za silinda mbili hufungwa zisifunguke, zikabaki sita. Likienda taratibu zaidi, zikabaki nne. Ni kama bwana shamba mwenye jozi nne za ng'ombe, ambaye huwafungua wengine wapumzike jembe linapofika penye udongo laini. Lakini nani atakayetoa amri ya kufunga na kufungua? Amri ilitolewa na kompyuta ndogo, na kompyuta za mwaka 1981 zilikuwa nzito kufikiri. Injini ilibadili silinda kwa kishindo, ikasita na kuruka. Wenye magari waliwaendea mafundi, na mafundi wakautoa waya mmoja tu, injini ikawa ya silinda nane daima. Na ikiisha kutolewa waya huo, ilikuwa injini imara yenye kudumu! Kwa motakaa nyingi mpango huo ulikwisha katika mwaka mmoja. Walakini baada ya mwaka 2000, kompyuta zilipokuwa nyepesi, General Motors, Chrysler na wengine waliurudia mpango uo huo, nao ukafanya kazi vyema.

Ya tatu ilikuwa injini ya silinda sita ya lita 4.1, iliyotoka kwa Buick, ndugu mwingine, yenye nguvu za farasi 125. Mnunuzi aliyeichagua alipunguziwa bei. Hii haikuwa na maajabu wala msiba mkubwa. Ilikuwa na udhaifu tu kwa gari zito namna ile, na watu waliolipa fedha za fahari waliona haya kupitwa mlimani na vigari vidogo.

Ya nne ilikuja mwaka 1982, nayo ilikuwa mpya kabisa: silinda nane, lita 4.1, nguvu za farasi 125, mwili wake wa aluminiamu na vichwa vyake vya chuma. Aluminiamu ni nyepesi, na wepesi huokoa mafuta. Lakini ikipata moto hutanuka kuliko chuma, na ikipoa hunywea kuliko chuma. Vitu viwili visivyotanuka sawasawa vikifungwa pamoja, hutambaliana kila injini iwashwapo na kila izimwapo, mpaka kiziba kilicho kati yao huchoka. Maji ya kupozea yalipita yakaingia katika oili, na oili yenye maji haiwezi kuutunza mhimili. Injini nyingi zilikufa kabla ya wakati wake. Mambo ya aluminiamu yaliweza kutatuliwa, na leo injini nyingi duniani ni za aluminiamu. Kilichokosekana ni muda wa kujaribu. Haraka haraka haina baraka, wasema wazee, na katika habari hii methali hiyo ililipiwa kwa dola nyingi.

NJIA YA LINCOLN

Wakati huo huo Lincoln ilishika njia nyingine. Mwaka 1980 ilipunguza ukubwa wa motakaa zake, ikachukua injini ya kawaida ya Ford ya silinda nane, iliyojulikana kwa mafundi wote, na injini ya lita 5 ikawa ndiyo ya kawaida. Badala ya kuivumbua injini mpya, iliongeza gia ya nne. Gia hiyo huifanya injini izunguke polepole gari likienda mbio katika barabara kuu, na injini izungukayo polepole hunywa kidogo. Hakukuwa na jambo la kusimulia kwa majirani, lakini gari lilikwenda na kurudi. Gari hilo liliitwa Town Car, na mwaka 1991 lilipata injini mpya ya lita 4.6, baada ya kujaribiwa kwa miaka. Madereva wa magari ya kukodi wa New York na miji mingine waliipenda kwa uvumilivu wake, mpaka Town Car ya mwisho ilipotoka kiwandani mwaka 2011.

Cadillac nayo ilijifunza. Tangu mwaka 1986 ilitia katika Brougham, gari lake kubwa la namna ya zamani, injini ya Oldsmobile ya lita 5, yenye nguvu za farasi 140 tu: nzito wa mwendo, lakini yenye kudumu. Mwaka 1990 mnunuzi aliweza kuchagua injini ya Chevrolet ya lita 5.7, na mwaka 1994 gari lililoirithi, Fleetwood, lilipata injini ya lita 5.7 yenye nguvu za farasi 260. Baada ya msukosuko wote, gari lilirudia injini iliyolitosha. Mwaka 1996 kutengenezwa kwake kulikoma.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu wasikilizaji, haya ndiyo twapenda myashike. Kwanza, wingi wa silinda huleta utulivu, na ukubwa wa lita huleta nguvu, na mbano huipa petroli faida zaidi. Lakini kila kimoja kina bei yake, na wakati mwingine hulipwa na mtu mwingine asiyejua. Pili, hesabu za nguvu zataka kuulizwa zimepimwaje. Tatu, wazo zuri si chombo kizuri mpaka lijaribiwe: dizeli, silinda za kufungwa, na aluminiamu yalikuwa mawazo mazuri matatu, na yote matatu yalistawi baadaye mikononi mwa watu waliongoja.

Nne, na hili ni la kila siku kwetu. Mtu akija kijijini na mashine mpya ya kusaga, akisifu kwamba inakunywa mafuta kidogo kuliko zote, msimfukuze, wala msimpe fedha siku hiyo hiyo. Mwulizeni imefanya kazi wapi kabla ya hapa, na kwa miaka mingapi. Mwulizeni vipuri vyake vyauzwa mji gani. Mwulizeni fundi gani wa karibu amepata kuifungua na kuifunga. Akijibu yote matatu, kaeni naye mhesabu bei.